Uso wa Koplo Rehan na Kufuli Tatu za Arimvu

Kila anayekuja kupima gauni ananiuliza safari ilikuwaje, na mimi nikisimulia huku nakata kitambaa, naharibu kitambaa. Wiki iliyopita mkono mmoja wa gauni la gomesi la bibi harusi umetoka mfupi kwa sababu ya habari za Pakwach. Kwa hiyo nimeandika mara moja. Asomaye amsomee mwenzake, na mniache nishone.

Baba yangu mnamjua, yule mzee anayekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa kibanda changu hapa Bukoto na kuwaambia wateja wangu ukweli kuhusu viuno vyao. Jicho lake moja limeshakufa kwa presha ya macho. La pili, daktari amesema, litakwenda vivyo hivyo, na dawa iliyopo ni ya kulichelewesha tu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka. Kwenye ngazi akaniambia, "Zaituni, nimeona vitu vingi duniani. Uso wa baba yangu sijauona."

Ni kweli. Babu yetu, Koplo Rehan Mursali, alipelekwa na jeshi la Mwingereza kupigana Burma, akamwacha Bibi Bombo wakati Baba bado yuko tumboni, na hakurudi. Sisi Wanubi tulikuja nchi hii na bunduki za Waingereza mabegani, kutoka Sudani, na kila nyumba ya ukoo wetu ina picha ya mtu aliyesimama wima na magwanda ya jeshi. Nyumba yetu haina. Bibi alikuwa nayo moja, bati likavuja juu yake. Baba amemsomea dua mtu asiye na sura tangu utotoni, na sasa ana zaidi ya miaka themanini.

Basi jirani yetu Tabani, yule dereva wa lori la saruji, akarudi kutoka Nile Magharibi akasema ameliona jina la babu. Huko Arimvu kuna myuziam ndogo ya kijiji, inaendeshwa na wastaafu wasiolipwa na mtu, na yeye aliingia humo Ijumaa moja kukwepa jua lori lilipoharibika. Akaona picha ya wanajeshi na majina yao chini. Nikamuuliza, babu ana sura gani? Tabani akasema jina alilisoma, uso hakuutazama. Na kupiga picha hakuweza, maana simu zinaachwa mlangoni kwenye kikapu. Wanaume bwana.

Nikafunika cherehani. Nilikuwa na kazi moja tu, kuuleta uso ule Bukoto wakati bado kuna jicho la kuutazama.

KAMPALA HADI KARUMA

Basi lilikuwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili bado tulikuwa kituoni, injini inanguruma, na kondakta anapita kati yetu akisema, "Nnyabo, mama, sasa hivi, tunakwenda halaka." Haraka yenyewe ilikuwa ya injini. Magurudumu hayakuambiwa.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene aliyebeba keki ya harusi ya ngazi tatu, kila ngazi ndani ya boksi lake. Boksi la kati nilipakata mimi, bila kuombwa sana. Akaniuliza nakwenda wapi. Nilikuwa na usingizi, nikataka kufupisha, nikasema, "Nakwenda kumchukua babu yangu."

"Pole sana. Alikufa lini?"

"Kwenye vita vya Burma."

Akaishika keki yake vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mpaka leo hajazikwa?"

Nikajaribu kumweleza habari ya myuziam, lakini alikuwa ameshageuka kuwaambia wa kiti cha nyuma. Tulipofika Luweero basi zima lilikuwa linajua kwamba nimefiwa na kwamba serikali imeuficha mwili. Mtu akaninunulia nanasi. Mwingine akaniombea kwa Kiacholi, dua ndefu, na mimi nikaitikia amina kila alipovuta pumzi. Nilikana mara tatu, halafu nikala nanasi. Lilikuwa tamu.

Karuma ndiyo ikaniokoa. Tulisimama kabla ya daraja kwa sababu nisiyoijua hadi leo, na nyani mmoja akaingiza mkono dirishani akaondoka na ngazi ya juu ya keki, ile ndogo ya bibi harusi na bwana harusi. Hakukimbia hata. Alikaa kando ya barabara, akafungua boksi vizuri kama mtu aliyealikwa. Pole zote za basi zikahamia kwa yule mama, na mimi na maiti yangu tukasahauliwa.

KARUMA HADI PAKWACH

Tairi lilipasuka kabla ya Pakwach. Spea ilikuwepo. Jeki ilikuwa kwenye basi lingine la ndugu yake dereva, na basi lile lilikuwa limetangulia. Tukakaa saa tatu chini ya jua, mama wa keki amefunika maboksi mawili yaliyobaki kwa leso yake na kuyapepea.

Pakwach penyewe tulifika na njaa ya kufa. Nilikula samaki wa kuokwa kwa moshi na chai ya rangi karibu na daraja, Nile inapita chini pana na tulivu, na nikampigia Baba.

"Umefika?"

"Bado, Baba."

"Hiyo picha ni ya rangi?"

"Baba, ni ya wakati wa vita."

Akafikiri kidogo. "Basi uliza watu alikuwa mweusi kiasi gani."

Nilimwambia nitauliza. Nikaongeza samaki mwingine.

ARUA HADI ARIMVU, KUPITIA KWENYE VYUMA

Nililala Arua kwenye gesti yenye neti kubwa kuliko kitanda. Asubuhi nikamwambia mwenye bodaboda anipeleke Arimvu, kwenye nyumba ya vitu vya zamani inayotunzwa na wazee.

"Mama, hiyo mimi najua sana. Panda."

Tulikwenda saa moja na nusu kwenye vumbi jekundu. Akanishusha mbele ya uzio wa mabati, ndani kuna milango ya magari, fremu za baiskeli, masufuria yaliyotoboka na wazee wawili wanapima betri. Nikawasalimia kwa heshima. Nikazunguka. Nikajisemea, hali ni mbaya lakini wanajitolea, tusiwavunje moyo. Nilikuwa nimeshasifia injini ya kusagia na kuuliza ni ya mwaka gani, ndipo mzee mmoja akauliza, "Mama, wewe naleta chuma ngapi kilo?"

Ilikuwa biashara ya vyuma chakavu. Myuziam ilikuwa kilomita sita nyuma, tuliipita. Mwenye boda akasema na hivyo navyo ni vya zamani, na sikuwa na hoja.

KUFULI YA KWANZA NA YA PILI

Myuziam ya Arimvu ni chumba kimoja na nusu, kilikuwa ghala la pamba. Mlinzi wake ni Mwalimu Candia, mstaafu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, na msaidizi wake ni Afande Ochan, mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini aliyeoa hapo akasahau kurudi. Simu yangu ikaingia kikapuni. Mwalimu akanitembeza kana kwamba tuko watu arobaini.

Kila kitu kina kibandiko kwa mwandiko wake. "Baiskeli ya kwanza ya Arimvu. Usipande." "Taipureta ya chifu. Herufi N haipo." "Jiwe la kusagia la kale," na jiwe lenyewe halikuwepo, lilikuwa limeazimwa na mke wa jirani mpaka Jumamosi. Kaptula ya jeshi ilikuwa imeliwa na panya sehemu ambayo sitaitaja.

Mwisho kabisa kulikuwa na kabati la mninga lenye kufuli tatu. Zamani lilikuwa na moja, Mwalimu akaeleza, mpaka mjumbe mmoja wa kamati alipochukua ngoma ya kale akaipiga kwenye harusi ya mwanawe, akairudisha na ngozi mpya, inanuka mbuzi. Tangu siku hiyo funguo ni tatu, watu watatu, na kabati halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo.

"Picha ya wanajeshi iko humo?" nikauliza.

"Iko."

"Mimi ni mjukuu wa Rehan Mursali. Nimetoka Kampala kumwona."

Mwalimu akamtazama Afande. Afande akatazama viatu vyake. 

"Ufunguo ya tatu iko na Mama Asina," Afande akasema. "Amekwenda kuosha maiti ya mwanamke, ng'ambo ya bonde. Atakaa matanga. Siku tatu."

Nikasema sawa, nitangoja, ila wanieleze tu, huyo koplo kwenye picha alikuwa mtu wa namna gani? Mrefu? Mfupi? Mweusi kiasi gani?

"Hapana," akasema Mwalimu kwa upole. "Hiyo marehemu ana mwenyewe. Sisi hapa hatusemi habari ya marehemu ya mtu kama mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Ngoja Mama Asina."

Wallahi nilikasirika. Nilidhani wananiona mwizi, mwanamke wa mjini aliyekuja na begi kubwa. Nilitaka kuondoka, lakini boda alikuwa ameshaondoka, na jicho la Baba lilikuwa halingoji hasira zangu.

Nikakaa siku tatu nyumbani kwa Mwalimu. Mkewe alinilisha ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mzito, na visamaki vikavu kwenye mchuzi wa simsim, ule ufuta. Siku ya kwanza nilikula kwa adabu, siku ya pili kwa mikono miwili. Siku ya pili hiyohiyo waligundua mimi ni fundi, wakaniletea kaptula ya panya. Nikaitia kiraka. Mwalimu akaniomba nisiitengeneze vizuri mno, ibaki ya kihistoria. Miaka ishirini na tano kwenye cherehani, hakuna mteja aliyewahi kuniomba hivyo, isipokuwa wale wasiotaka kulipa.

KUFULI YA TATU

Siku ya nne, Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Mama Asina akaja. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, mikono mipana, ushungi mweupe, anatembea kama anayehesabu hatua. Niliinuka nikamshika mkono.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni Zaituni, binti wa Ramadhani, mtoto wa Rehan Mursali."

 Mkono wangu aliushikilia tu, akanitazama kutoka paji la uso mpaka kidevu. Kisha akauliza, "Kumbe ile mtoto ilikuwa ya kiume?"

Sikuelewa. Nilimwomba arudie.

"Baba yangu alikuwa nasema, mimi niliacha tumbo kule Bombo. Amekufa bila kujua kama ilizaa kijana ama msichana."

Sasa mnielewe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ghala la pamba, na babu yangu aliyekufa Burma alikuwa hajafa Burma. Alirudi. Alirudi mzima, na miguu yote miwili, akaoa hapa Arimvu, akalima tumbaku, akazaa binti mmoja, akazikwa nyuma ya msikiti ule ninaouona dirishani. Baba wakati huo alikuwa ameshaoa, ana watoto wanne. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea. Kutoka Arimvu hadi kwetu ni mwendo wa siku moja, ukiwa na jeki.

"Kwa nini hakuja?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa ya mgeni mwenye adabu.

"Aliogopa," Mama Asina akasema. "Mara mbili alifunga mzigo. Alifika Pakwach, akakaa, akakula, akarudi. Mara ya pili alituletea samaki."

Bibi yangu alikataa wanaume watatu. Alikufa anamngoja mtu aliyekuwa anakula samaki Pakwach. Niliwaambia hivyo, kwa sauti, wote watatu, na Afande akavua kofia. Halafu nikalia, na sikuona haya.

Waliponiacha nikamaliza, wakatoa funguo. Moja, mbili, tatu. Mwalimu akaitoa picha na kuiweka mezani kwa mikono miwili.

Wanajeshi kumi na mmoja. Nikatafuta jina kwa kidole. Wa tatu kutoka kushoto, R. Mursali, Kpl. Nikapandisha macho. Vifungo vipo. Kola ipo. Juu ya kola kuna doa jeupe, duara, la ukubwa wa ncha ya kidole.

Nikageuza picha kwenye mwanga. Nikaigeuza tena.

"Hapa sisi tunasema vitu haviguswi," Mwalimu akaanza, "lakini watu wanasalimiwa. Kila mgeni akiona mtu wake kwenye picha, anamgusa uso, anasema salaam. Ni kanuni yetu. Na Mama Asina anakuja kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa tangu lini?"

"Tangu tulipofungua. Miaka ishirini."

Mama Asina alikuwa ameficha mkono wake wa kulia ndani ya ushungi. Picha ilikuwa yake, aliileta mwenyewe isiliwe na mchwa nyumbani, na nyingine hana. Alikuwa ameujua uso ule mpaka hakuhitaji kuuona, akasalimia, akasalimia, mpaka ukaisha.

"Na ninyi hamkumwambia?" niliwageukia wale wanaume.

"Tungemwambia nini?" akasema Afande. "Ni baba yake."

Nikakaa chini. Siku tano nimefunika cherehani, na nilikuwa narudi kwa Baba na kola. Mwalimu alijaribu kunisaidia. Akasema nimchukue basi wa nne kutoka kushoto, walikuwa wanafanana fanana.

"Hiyo uongo, Mwalimu," Afande akasema. "Huyo wa nne alikuwa Mlugbara, si Mnubi." Kisha akamnyooshea Mama Asina kidevu. "Mzee Rehan mimi nimemwona kwa macho. Mzee Rehan ni huyu. Toa ndevu, ongeza ushungi."

Wote tukamtazama Mama Asina. Yeye akaniangalia mimi. "Ndugu yangu nitamwambia nini?" akauliza. "Uso nimeumaliza mimi."

"Shangazi," nikamwambia, "wewe panda basi tu. Maneno tutayatafuta njiani."

Ikaitwa kamati, yaani haohao watatu wakahamia kwenye benchi la nje. Ufunguo hauruhusiwi kutoka Arimvu. Ufunguo pia hauwezi kuachwa na Mwalimu, wala na Afande, kwa sababu kila mmoja ana wake, na funguo mbili kwa mtu mmoja ni nyingi mno. Walibishana mpaka alasiri. Mwishowe ufunguo ukaondoka na shangazi shingoni, na Mwalimu akaandika kibandiko akakibandika kwenye kabati: "Limefungwa. Ufunguo uko Kampala kwa mambo ya familia."

ARIMVU HADI BUKOTO

Basi la kurudi liliondoka kwa wakati, jambo lililotukuta bado tunanunua maji, tukalikimbilia. Shangazi hakuwahi kuvuka Pakwach maishani mwake. Tulipokaribia daraja aliniambia anataka kushuka, tumbo linamkata. Nilimshika mkono, yeye akaukaza wangu, mifupa ikalia. Basi likavuka. Upande wa pili akasema tumbo limepoa, akaomba karanga. Hakuna aliyenipa pole safari hii, na nanasi nilinunua mwenyewe.

Nilimwacha mlangoni kwa jirani nikaingia kwanza peke yangu. Baba alikuwa kitandani amekaa, kanzu safi, ameshanyoa. Alinyoosha mkono apewe picha.

Nikamwambia yote. Sikulainisha kitu, angenijua. Tumbaku, msikiti, binti, miaka. Pakwach mara mbili nayo nilimwambia.  Baba aliuliza swali moja tu.

"Wakati anakufa, mimi nilikuwa na watoto wangapi?"

"Wanne, Baba. Nami nikiwemo."

Akageukia ukuta, nikafikiri hataki tena mtu yeyote aingie. Kisha akasema, "Mlete."

Shangazi aliingia akiwa amevua viatu, akasimama katikati ya chumba asijue mikono aiweke wapi. Baba akamwita kwa kidole, asogee, asogee tena, mpaka dirishani. Jicho lake linaona vizuri kitu kikiwa karibu sana. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akapitisha jicho pole pole, paji la uso, nyusi, pua, masikio, akarudi kwenye macho. Mimi nilikuwa nalia mlangoni kwenye ncha ya ushungi wangu. Baba hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika miaka mingi na hajawahi kupata wa kumkasirikia.

"Ungekuja," akamwambia. "Ungekuja tu. Nani angekufukuza?"

Shangazi ni mdogo wake kwa miaka saba au nane. Angeweza kusema mimi ni Asina, mimi sina kosa. Alimtazama ndugu yake, akapiga magoti pale pale, kidevu bado mkononi mwake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Baba akamtazama mpaka akatosheka. Kisha akamwachia kidevu, akamwinua, na akaniambia nilete maji ya kunawa, watu wapate kula.